Kikombe Nilichokunywa Bila Kuuliza

“Mbali na hiki kidonge cha gauti, unameza nini kingine?”

Daktari aliniuliza hivyo alasiri moja, kwenye chumba cha dharura cha hospitali moja mjini Same. Nilikuwa nimelala juu ya kitanda cha magurudumu. Nilikuwa nimeharisha na kutapika siku mbili mfululizo, na miguu ilikuwa haitaki tena kunibeba. Mama alisimama upande wa miguu yangu, ameshika daftari langu la hospitali kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kitabu cha nyimbo kanisani.

“Hakuna,” nikasema.

“Hakuna kabisa? Za dukani? Za kienyeji?”

“Hakuna, daktari.”

Akaandika. Mama akanyamaza.

Swali lilikuwa jepesi, mtoto wa darasa la tatu angelijibu. Mimi nina shahada ya takwimu. Chuoni nilinyoosha mkono mpaka wahadhiri wakawa wananiruka kwa macho. Lakini siku ile sikuwa na jibu, na kile kidogo nilichodhani nakijua nilikificha kwa aibu.

Naandika haya kwa mtu yeyote aliyepewa dawa ya gauti akaambiwa “angalia usichanganye”, akaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Sitaeleza dawa inavyofanya kazi mwilini. Hiyo utaisoma kwingine. Nitaeleza ilivyotokea kwetu, Myamba, juu huku milimani, kuanzia kidole gumba cha mguu wa kulia.

*

Kilivimba mwishoni mwa kipupwe, mwaka mmoja baada ya mimi kumaliza chuo. Kazi nilikuwa sijapata. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa mama, nalima naye tangawizi na kutuma maombi ya kazi kila mtandao unaposhika. Siku hiyo ilikuwa msaragambo. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja kwenda kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na nyumba yetu ilinitoa mimi. Niliamka kidole kikiwa chekundu kama nyanya. Nikavaa buti hivyohivyo, maana usipokwenda msaragambo utasikia habari zako hadi vuli.

Mzee Mbwambo, jirani yetu, alikuwa amekaa kwenye ukingo akisimamia. Aliniona nikichechemea.

“Shikamoo, Mzee Mbwambo.”

“Marahaba. Mguu una nini?”

“Nimejikwaa.”

“Vua buti.”

Nikavua. Akainama, akatazama, akacheka mpaka akakohoa. “Huyu ana gauti. Nyie, njooni muone, mtoto wa mama Naelijwa ana gauti. Karibu chamani, binti. Dengelua unakunywa kwa nani?”

“Sinywi pombe, mzee.”

“Basi nyama. Unakula nyama ya nani na sisi hatujaalikwa?”

Kina mama waliokuwa wanazoa tope wakaangua kicheko. Mmoja akasema wasomi wana magonjwa yao. Mzee Mbwambo akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa vidonge vyake vya maumivu, akanihesabia sita. “Diklofenaki. Asubuhi na jioni. Vikiisha uje.”

Mimi, ninayehoji mpaka matangazo ya msiba, nilivipokea. Niliangalia kwenye simu, nikasoma kwamba kweli vidonge hivyo hutuliza gauti, nikaridhika. Vikaisha, nikaenda kuchukua vingine. Nilimeza vidonge vya Mzee Mbwambo wiki tano.

Gauti ilitulia, ikarudi, ikahamia kifundo cha mguu. Mvua za vuli zilipoanza nilikuwa siwezi kushuka hadi barabarani. Ndipo tukaenda Same.

*

Kliniki ya pale ina benchi refu la mbao, na watu wanasogea makalio kwa makalio kuelekea mlangoni. Huku juu ilikuwa baridi na ukungu. Kule chini ni jua na upepo wa vumbi, nami nilikuwa nimevaa sweta. Niliokaa nao walikuwa wanaume tupu, wenye vitambi na fimbo. Mmoja aliniuliza namsindikiza nani.

Nesi aliyepima presha alisoma jina langu, akanitazama. Alikuwa Mchaga, nikamjua kwa lafudhi kabla hajanitania.

“Mpare na gauti? Si nyie mnaning'iniza samaki juu ya meza, mnakula ugali kwa harufu? Hiyo gauti umeazima wapi?”

“Nimeazima Moshi,” nikamwambia. “Kule mnakula mbuzi mzima, mabaki ndiyo tunayapata sisi.”

Akacheka. Nami nilicheka. Kicheko hicho nakitaja kwa sababu kwa muda mrefu baadaye sikupata kingine.

Daktari alikuwa kijana, huenda ananizidi miaka mitano. Alikitazama kidole kidogo tu. “Mwanamke wa miaka ishirini na sita akija na gauti,” alisema, “naangalia figo.” Nikatoa damu, nikatoa mkojo, tukasubiri mpaka saa nane. Majibu yalisema figo zangu hazifanyi kazi inavyopasa. Aliuliza kuhusu dawa za maumivu. Nilimtajia za Mzee Mbwambo. Akaweka kalamu chini.

“Hizo ziishe leo. Hukuwa na figo za kuchezea, na umezichezea.”

Akaniandikia kolchisini, kidonge kidogo, kimoja kwa siku. Halafu akachukua daftari langu, akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: DAWA NYINGINE YOYOTE, ONYESHA DAFTARI HILI KWANZA. HAKUNA MIZIZI. HAKUNA BALUNGI. Mama alikuwa amekaa kando yangu. Alimwomba daktari asome kwa sauti, naye akasoma.

“Balungi, daktari? Tunda?”

“Tunda hilohilo, mama. Linaifanya hii dawa ibaki nyingi mwilini. Kwa mwenye figo kama za huyu, ikibaki nyingi ni sumu.”

“Na mizizi?”

“Mizizi siijui. Nisichokijua sitaki kikutane na dawa yangu.”

Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea amri. Tulipofika nyumbani alichuma mabalungi yote ya mti wetu wa nyuma, yaliyoiva na mabichi, akayapeleka shuleni. Mimi nilimcheka. Nilimwambia daktari alikuwa anazungumzia balungi ninalokula, si linaloning'inia mtini.

*

Miezi iliyofuata ilikuwa ya vita vya chakula. Kila aliyekuja kunitazama alikuja na marufuku yake. Maini, figo za mbuzi na dagaa nilielewa. Kisha likaja suala la maharage. Huku kwetu makande ndiyo chakula, maharage yamo humo, na kila mtu Myamba alijua kwamba maharage yanaleta gauti. Nilisoma, nikaona hayana ubaya mkubwa hivyo. Nikasema. Hakuna aliyetaka kusikia.

“Kitabu chako kina gauti?” shangazi aliniuliza. “Wewe ndiye unayo. Acha maharage.”

Mama akawa ananichagulia. Anakaa na bakuli langu, anatoa maharage moja moja kwa kijiko, ananipa mahindi. Nikawa nagombana naye mbele ya bakuli. Nilimwambia ananilisha ujinga wa kijiji. Alisema, “Sawa, Nae,” akaendelea kuchagua.

Tumbo nalo likaanza. Linachoma chini ya mbavu asubuhi, na choo hakitulii. Leo najua kidonge chenyewe huleta hali hiyo, na kwamba nilipaswa kurudi kliniki siku zilezile. Lakini Same ni mbali, na barabara ya kushuka kipindi cha mvua inajulikana. Nikaahirisha hadi tarehe ya kliniki.

Mama alikuwa na maelezo yake. Baba, aliyefariki nikiwa chuoni, aliumwa vidonda vya tumbo miaka mingi. Aliumia palepale, asubuhi vilevile. “Hivi ni vya baba yako,” alisema. “Umerithi.” Kwenye kabati la jikoni alikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake dawa zote zilizowahi kubaki katika nyumba ile: za malaria, za kikohozi, matone ya macho, na kitita cha vidonda vya tumbo ambacho baba alikitumia siku nne, akapata nafuu, akaacha. Hatukuwahi kutupa dawa. Dawa ilinywewa hadi maumivu yaishe, na iliyobaki ilimngoja mwingine. Kila nyumba ninayoijua Myamba ina kopo kama hilo, na watu wanaazimana.

Alinitolea vile vidonge vya baba. Nilikataa, nikamwambia atupe kopo zima.

“Nitupe dawa ya hospitali?”

“Imeandikwa jina la nani, mama? La baba. Mimi si baba.”

“Tumbo ni lilelile.”

Tuligombana wiki nzima. Akaanza kuzungumzia kuwaita watu wa maombi, wale wa ushirika wa mtaa wanaokuja wanane, wanashika kichwa chako, wanalia. Nilijua nisingestahimili. Ndipo tukapatana. Nakumbuka tulikuwa jikoni, mama anaparua tangawizi.

“Basi kunywa chai yangu tu,” alisema. “Asubuhi na jioni. Usiulize kuna nini. Ukinywa bila kuuliza, sitawaita.”

“Siku ngapi?”

“Umeanza kuuliza.”

“Sawa. Siulizi.”

Chai ilikuja kwenye kikombe cha bati, tangawizi kali inayopasua koo, asali nyingi, na chini yake uchungu wa ajabu uliobaki ulimini saa nzima. Nilijua ni mizizi. Bibi alikuwa na mizizi michungu, na mama alijifunza kwake. Nilikunywa. Nilijiambia mizizi kidogo haitafanya kitu, kwamba daktari alisema vile kwa tahadhari tu, na kwamba bei ya amani ndani ya nyumba ni vikombe viwili. Nilihoji maharage. Nilihoji mabalungi. Kikombe sikukihoji.

*

Siku ya tano nilishindwa kupanda kutoka mtoni. Mapaja hayakuuma, yaligoma tu. Siku ya sita ncha za vidole zilikufa ganzi, nikaangusha sahani. Halafu yakaja matapishi na kuharisha, na yakawa hayakatiki. Mama aliniongezea chai. Siku ya nane tulishuka Same kwenye pikapu iliyobeba magunia ya tangawizi, nimelazwa juu ya magunia, mama ameshika kichwa changu ili kisigonge. Harufu ile ya tangawizi bado siiwezi.

Ndipo likaja lile swali. Nilipojibu “hakuna”, nilikuwa namfikiria yule daktari kijana wa kliniki aliyesema hakuna mizizi. Nilifikiri: akisikia, atanionaje, mwenye digrii anayekunywa mizizi kwa siri. Nikaficha. Halafu nikafumba macho, nikalala au nikapoteza fahamu, sijui kipi.

Nilipoamka nilikuwa wodini, dripu mikono yote miwili, mpira wa mkojo umeingizwa. Waliniambia kidonge changu cha gauti kimesimamishwa, kwamba kimekuwa kingi mno mwilini. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka, kwa hiyo niliwekwa chumba cha peke yangu, na wageni hawakuruhusiwa kuingia. Mkojo ulikuwa unatoka kama matone ya bomba bovu. Daktari alisimama kando ya kitanda, akaniambia wazi, na nilimshukuru kwa hilo.

“Ni Alhamisi leo. Figo zisipoamka kufikia Jumatatu, tutakuhamisha ukawekwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Ukishaingia kwenye mashine, sijui kama utatoka.”

Mashine ilikuwa mbali, na ni mara tatu kwa wiki. Maana yake ilikuwa kuhama, kuacha shamba, kutoajiriwa na mtu yeyote, na kuishi kwa michango ya ukoo mpaka ukoo uchoke. Nilifanya hesabu hizo kwa kuangalia dari. Mfuko wa mkojo ulikuwa na mistari, na kila asubuhi nesi wa zamu aliinama kusoma. Ijumaa ulifika mstari wa kwanza. Jumamosi ulibaki hapohapo. Jumapili nilisikia kwaya ikipita barabarani, nikagundua naomba, kisha nikajikasirikia kwa kuomba.

Mama alikuwa anasimama nje ya dirisha. Walimkataza kuingia, akawa anakaa chini ya dirisha kwenye kivuli chembamba, kwenye joto la Same alilolichukia maisha yake yote, na mara kwa mara anainuka kunitazama kupitia wavu. Uji wake uliingizwa na manesi. Niliunywa wote. Wakati huo nilikuwa bado nampenda bila masharti.

Jumatatu asubuhi yule nesi Mchaga, aliyehamishiwa wodini, aliinama kwenye mfuko, akasoma, akasoma tena.

“Mpare,” alisema, “leo umeacha ubahili.”

Ulikuwa umefika mstari wa saba. Alitoka nje, nikamsikia anamwambia mama dirishani. Mama alishika wavu wa dirisha. Alikaa chini.

*

Nywele zilianza kutoka wiki ya tatu. Nilikuwa bado wodini. Niliamka nikaona msuko mzima umebaki kwenye mto kama mdudu. Nesi alininyoa zilizobaki kwa wembe, akanifunga kitambaa chake mwenyewe cha kichwani, akakataa nikirudishe. Nilipotolewa nilikuwa na kilo arobaini na mbili, upara, na figo ambazo daktari alisema zitafanya kazi kama za bibi wa miaka sabini, nikizitunza.

“Mlijuaje ni dawa ya gauti?” nilimuuliza.

“Damu yako ilituambia mengi,” alisema. Alikuwa na wagonjwa wengine kumi na wanne nyuma yangu.

Nilirudi Myamba nikiwa nimeshikwa kwapani. Masika yalikuwa yameanza, ukungu umelala mlangoni. Siku ya tatu nyumbani, mama alikuwa anaosha vyombo na mimi nimekaa kwenye kigoda. Alianza kuzungumza bila kugeuka.

“Kwenye ile chai hakukuwa na mzizi.”

Aliendelea kusugua sufuria.

“Daktari alikataza mizizi, nami nikaiacha. Nilisaga vile vya baba yako. Cha asubuhi na cha jioni, kama ilivyoandikwa. Uchungu ule ni wa kidonge, Nae. Niliogopa mizizi igombane na dawa ya hospitali. Lakini dawa ya hospitali na dawa ya hospitali nilijua ni ndugu.”

Nilikwenda kwenye kabati, nikachukua kopo. Kwenye karatasi ya kitita cha baba kulikuwa na jina la dawa moja, klarithromisini. Nilitafuta kwenye simu, nikiwa nimesimama kwenye kona ya uwanja ambapo mtandao unashika, mvua inaninyeshea upara. Haikuchukua hata dakika. Ilikuwa imeandikwa wazi kwamba dawa hiyo ikikutana na kolchisini, kolchisini haitoki mwilini, na kwamba mwenye figo dhaifu anaweza kufa. Ni kazi ileile ya balungi, mara nyingi zaidi. Mama alikuwa amegawa mti mzima wa mabalungi.

Nilirudi ndani.

“Daktari aliuliza mbele yako,” nilisema. “Uliposikia nasema hakuna, ulinyamaza.”

“Nae, siku ile mimi—”

“Ulinyamaza. Ungeniacha nife ili usiaibike.”

“Nisikilize kidogo.”

“Maabara ndiyo iliyoniokoa. Si wewe.”

Nikatoka.

*

Kuanzia siku hiyo sikula tena chakula cha mama. Nilinunua jiko dogo la mkaa, nikaliweka kwenye baraza la nyuma, nikawa najipikia sufuria yangu na kuchota maji yangu. Watu wa kwetu wataelewa maana yake. Binti anayekula peke yake ndani ya boma la mama yake anawaambia majirani kitu bila kufungua mdomo, na majirani walisikia. Shangazi alikuja kunifokea. Mchungaji alikuja. Mzee Mbwambo alikuja na fimbo yake, kidole chake mwenyewe kikiwa kimefungwa kitambaa.

“Wewe mtoto, mama yako alikosea. Nani hajakosea? Mimi nilikupa zile diklofenaki, mbona unanisalimia?”

“Wewe, mzee, hukusimama pale ukanisikia nadanganya.”

“Kumbe ulidanganya wewe.”

Nilimwambia aende nyumbani akapumzishe mguu. Nilikuwa na majibu makali siku zile.

Mama alijaribu mara tatu kunieleza. Mara ya kwanza ni ile jikoni. Mara ya pili ilikuwa shambani, wakati wa kuvuna tangawizi. Alinyooka, akasema, “Kuna jambo la hospitali hujaliju—” nami nikabeba kapu langu nikahamia mstari mwingine. Mara ya tatu alisimama mlangoni mwa chumba changu Jumapili, amevaa tayari kwa kanisa, nikamwambia sihitaji maelezo, nahitaji asinikaribie na kikombe chochote. Baada ya hapo hakujaribu tena. Akawa ananisalimia asubuhi, ananiuliza kama nimepata mkojo vizuri, anaondoka.

Nilijitunza vizuri, hilo likubaliwe. Nilitengeneza jedwali, kila ninachomeza, kila ninachokula, saa na siku. Niliwafundisha majirani wanne kuchoma moto makopo yao ya dawa. Nilisimama mbele ya kina mama kanisani, upara wangu ukianza kuota nywele laini kama za mtoto, nikawaambia: mkiulizwa na daktari, semeni kila kitu, hata cha aibu, hata kama mnadhani hakina maana. Niliwasimulia habari ya mama anayesaga vidonge ndani ya chai na kunyamaza. Sikumtaja jina. Alikuwa amekaa benchi la nne.

Vuli ikapita, masika yakapita, kipupwe kikarudi. Mwaka ukatimia na zaidi. Gauti yangu sasa inashikwa na dawa nyingine, kwa kipimo kidogo kinachofaa figo zangu, na sijapata shambulio tangu wakati huo.

Kisha daktari wa Same akasema figo zangu zinafaa kufuatiliwa na kliniki kubwa zaidi, na kliniki hiyo ikataka nakala ya faili langu la kulazwa. Mimi ndiye niliyetaka kulipeleka mwenyewe. Naamini karatasi kuliko maneno ya mtu. Nilikaa kwenye lile benchi refu, bahasha ikiwa mapajani, nikaifungua kusoma habari zangu.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na “hakuna” yangu, imeandikwa na daktari, saa tisa na dakika kumi alasiri. Chini yake kuna dawa alizoagiza nipewe, akidhani nina maambukizi ya tumbo. Ya kwanza kwenye orodha imekatwa kwa mistari miwili. Nililitafuta jina lake kwenye simu, hapohapo kwenye benchi. Ni ya ukoo mmoja na ile ya baba, na hufanya jambo lilelile. Dozi ya kwanza ilipangwa saa kumi kamili. Safu ya sahihi ya nesi iko tupu. Sikupewa.

Niliitafuta karatasi ya maabara. Kuna chembe za damu, kuna figo, kuna chumvi za mwili. Hakuna mahali walipopima kolchisini wala dawa yoyote. Nilimuuliza mtu wa dirisha la maabara. Alisema kipimo cha namna hiyo hawana, hawajawahi kuwa nacho.

Maelezo yako kwenye ukurasa wa nesi, kwa mwandiko wa yule nesi Mchaga, ninaoujua tangu aliponiandikia presha kwenye daftari. Yanasema mama wa mgonjwa alirudi peke yake saa tisa na dakika ishirini na tano, akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi ya vidonge vya marehemu mumewe, akaonyesha alivyotoa na vilivyobaki, akasema amempa binti yake siku nane. Daktari ameitwa. Dawa ya gauti imesimamishwa, agizo la kwanza limefutwa. Mama ameomba mgonjwa asiambiwe na mtu mwingine. Akipata nafuu, atamwambia mwenyewe.